Maua Saba ya Jovita

Mwanga wa Juni ulimwagika juu ya migomba ya Muleba, mweupe, mkavu, na vumbi la kiangazi likaanza kupaa barabarani. Ilikuwa mwaka 1987, Jovita, mdogo wangu. Ulikuwa umelazwa kwenye zahanati ya mlimani, mwepesi kama kitenge kilichoanikwa, na ugonjwa wako, UKIMWI, watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vya magendo kutoka Uganda.

Sikuelewa kwa nini ugonjwa upewe jina zuri hivyo.

Asubuhi ile Sista Birgit, muuguzi kutoka Uswidi, alisimamisha uani mlingoti wenye umbo la msalaba, akauvika majani na maua mpaka juu. Mama yetu, Kokwijuka, akashika kifua.

"Nani amekufa tena?"

"Hakuna, mama. Ni sikukuu. Kwetu majira ya joto yameanza, na leo jua karibu halizami."

"Lisipozama, watu wanapumzika saa ngapi?"

Sista akacheka, akaanza kuuzunguka mlingoti akirukaruka kama chura, akiimba. Wagonjwa wakapiga makofi, migongo imeegemea ukuta. Wiki ile tulikuwa tumezika watu wanne. Nilicheka, nikajikuta nalia, na sikuelewa kipi kilianza.

Kisha akakusimulia wewe: kwao wasichana huchuma maua saba bila kusema neno, huyaweka chini ya mto, na watakayemwota ndiye atakayewaoa.

Nikamvuta pembeni. "Sista, usimdanganye. Mifupa yake unaiona."

Ulinisikia. "Dada, nichumie tu."

Nikaenda. Ua la boga, ua la maharage, ua la viazi, mdomo nimeufumba. Mzee Ndyamukama akanisalimu njiani, na mimi, mwanamke wa Kihaya niliyefundishwa kupiga magoti, nikampita kimya.

"Na huyu naye akili zimemruka," akasema nyuma yangu. Labda alisema kweli.

Sikuelewa nilikuwa namtii nani: Sista, wewe, au hofu yangu.

Maana kulikuwa na Kokuberwa, binti yako wa miezi kumi. Tangu Pasaka ulikuwa ukimtazama yeye, kisha ukinitazama mimi, bila kuomba. Nami nilikwepa macho yako. Rweyemamu, mume wangu, alikwisha kusema: mtoto wa ugonjwa ule hatalala nyumbani mwake.

Kesho yake asubuhi nilikukuta macho wazi, maua yamenyauka chini ya mto.

"Umemwota nani?"

"Nimekuota wewe. Umembeba Kokuberwa mgongoni, unapalilia kibanja, naye anasinzia."

Sikuelewa, Jovita. Mpaka leo sielewi kama uliota, au kama uliniomba kwa njia pekee ambayo nisingeweza kuikataa.

Rweyemamu alikuja kunifungia mlango siku tatu, na siku ya nne akaufungua mwenyewe. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nikampokea mtoto kwa mama, nikainama, nikamlaza mgongoni, nikazungusha kanga, nikakaza fundo juu ya kifua, mbele ya macho yako, ungali unaona.

"Hivi?"

"Mshushe kidogo," ukasema. "Hapo. Hapo hapo."