Ndiyo ya Namono

Mwaka 1996, wiki mbili baada ya kumzika mama yake Namono, baba yake mdogo alifika kutoka Jinja na karatasi. Huyo Bwana Yekosofati, askari jela mstaafu, alitupanga uani kwetu Namakwekwe, Mbale, Uganda, kama mahabusu: mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kwenye kiti, sisi wapangaji chini. Karatasi ilisema Namono hana akili timamu, na tangu leo Yekosofati ndiye atakayemwamulia kila kitu: alale wapi, afanye kazi gani, aolewe au asiolewe.

Namono alikuwa na miaka thelathini na miwili. Kweli, mambo humwingia polepole. Lakini pale kwenye cherehani yangu vifungo na pindo zote ni kazi yake, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo.

"Namono! Wewe nataka kwenda na mimi Jinja?" Yekosofati aliuliza kwa Kiswahili kibovu cha kambini, kwa sauti ya gwaride.

"Ndiyo, afande."

"Mmesikia!"

Ndiyo ile naijua. Enzi za wanajeshi, Kiswahili kikiwa lugha ya wenye bunduki, mama yake alimfundisha: mtu akikufokea kwa Kiswahili, jibu ndiyo afande, usije ukapigwa. Kidole gumba chake kilikuwa tayari kwenye wino. Na mimi niliogopa kusema. Mkenya, mpangaji, sina ukoo Mbale, na mwenye nyumba wetu ni rafiki yake Yekosofati.

"Mwenyekiti," nikasema, "muulize kama anataka kubaki."

"Namono, wewe nataka baki hapa?"

"Ndiyo, afande."

Mwenyekiti akakunja uso. "Wewe nataka mimi funga wewe jela?"

"Ndiyo, afande."

Hakuna aliyecheka.

"Si mnaona? Akili hana," akasema Yekosofati.

"Ana hofu!" nikafoka, na Namono akajikunyata. Nilijichukia. Nikapiga magoti mbele yake, nikashusha sauti, nikatumia Kigisu, lugha ya kwao, ingawa changu ni cha kuokoteza. Nilimweleza karatasi kipande kwa kipande. Ukitia kidole, huyu ndiye atasema ulale wapi. Usipotia, chumba mlichokaa na mama ni chako, na hakuna wa kukupiga. Hilo la mwisho nilimwahidi bila kuwa na uhakika nalo. Nikarudia mara tatu, Yekosofati akitazama saa yake.

Namono akafuta wino kwenye gauni lake la msiba.

"Sitaki," akasema kwa Kigisu.

Mwenyekiti naye akahamia Kigisu. "Basi nani atakuamulia? Orpah?" Akaninyooshea kidole.

Nitasema ukweli: nilitaka akubali. Kichwani nilikuwa nimeshamhamishia chumbani kwangu, nimeshampangia hata wachumba wa kuwafukuza.

Namono alinitazama kwa woga uleule aliomtazamia baba yake mdogo. Midomo ilimcheza. Nilidhani ndiyo inakuja.

"Orpah anisomee tu," akasema. "Kuamua, nitaamua mimi."