Wajukuu wa Mama Cherehani

Ukiuondoa mkono wa kulia, Mama Cherehani alikuwa buheri wa afya. Sukari hana, presha hana, virusi hana. Mimi tabibu wake nilimwambia, "Mama, vipimo vyako vizuri kuliko vyangu. Tubadilishane viti."

"Kaa hapo hapo, baba. Mimi nataka kidole changu tu."

Kidole chenyewe ni cha shahada, kile kinachosukuma kitambaa chini ya sindano. Kilianza na kipele, kikawa kidonda kisichouma sana wala kupona. Halafu vikatokea vinundu, kimoja mgongoni mwa kiganja, kingine kwenye kifundo cha mkono, kingine juu zaidi, vimejipanga kama vifungo vya shati. Dawa za jipu alimeza, za fangasi akapaka. Kidole kikazidi kukakamaa. Daktari wa upasuaji alishasema, kama ugonjwa haujulikani, bora kikatwe kabla mkono wote haujaharibika.

Nilimuuliza anaishi na nani. Mume alishatangulia zamani, na mwaka jana alimzika mwanawe wa pekee.

"Ameniachia wajukuu," alisema. "Ndio wananifanya niamke."

Nikakata kipande kidogo cha ngozi, nikakipeleka maabara wakioteshe. Huko bakteria huwekwa kwenye kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Hakikuota kitu. Nikampigia daktari wa ngozi wa hospitali kubwa, akauliza jambo moja tu: huyo mama anashika samaki?

Nikamgeukia. "Mama, unashika samaki?"

"Sili, sinunui. Harufu yake tu inanitoa jikoni."

"Basi sijui," daktari akasema, akakata simu.

Siku ya kubadilisha bandeji alikuja macho mekundu.

"Kulikoni, mama?"

"Wajukuu. Wawili wameniondokea wiki hii."

"Wameenda wapi?"

"Wamekufa, baba."

Mkasi ukabaki hewani. Nikatoa pole, nikavuta kiti, nikamuuliza polepole walikuwa wanaumwa nini.

"Hata sijui. Jana walikuwa wanazunguka vizuri tu. Asubuhi nakuta wako juu, tumbo limeangalia dari."

"Juu ya nini?"

"Juu ya maji."

"Mama, hao wajukuu wana mikono?"

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayeona ada yangu ya chuo ilivyopotea bure. "Umeona wapi samaki mwenye mikono?"

"Si ulisema hushiki samaki?"

"Samaki ni wa kula. Hawa ni wajukuu."

Mimi hucheka hata msibani, lakini hapo nilishindwa kucheka. Alinieleza akikunja na kukunjua ncha ya khanga. Alikuwa akimsumbua mwanawe aoe. Siku moja kijana akaleta tangi la kioo, akaliweka sebuleni na samaki wa rangi ndani. "Haya mama, wajukuu wako hao. Hawalii, hawataki viatu." Alimnunia wiki nzima. Baada ya mazishi akaanza kuwaita hivyo hivyo, akiwa peke yake. Kila wiki aliingiza mkono mtupu kusugua kioo, na kidole cha mshonaji hakikosi tundu la sindano.

Nikampigia tena daktari wa ngozi. Akaagiza kipande kingine kioteshwe kwenye ubaridi zaidi, maana bakteria anayemshuku ni ndugu wa yule wa kifua kikuu, anaishi majini na joto la mwili halimpendezi. Mara hii akaota. Dawa zipo, za kumeza kwa miezi mingi.

"Kidole hakikatwi," nilimwambia mama, nikisubiri tabasamu.

Hakutabasamu. "Kwa hiyo mwanangu ndiye kaniachia ugonjwa."

"Ni maji, mama. Yeye angejuaje?"

"Alikuwa ananikataza. Mama, usiingize mkono, nitasafisha mwenyewe." Akautazama ule mkono. "Sasa nani asafishe?"

Nikampa glavu ndefu, nikamweleza namna ya kuzivaa. Akazikunja vizuri, akazitia kwenye mkoba.

Miezi ikapita, vinundu vikanywea. Siku moja, nikimpima kidole, nikamuuliza kama wajukuu hawajambo.

"Nimewatoa. Glavu ilitoboka, nikaogopa. Kidole hiki ndicho kinanilisha, baba. Nimempelekea muuza samaki wa mapambo."

"Si unaweza kwenda kuwaona?"

"Nilienda. Amewamwaga pamoja na wa kwake. Nimesimama pale mpaka akaniuliza nanunua wangapi. Wote wanafanana. Wangu sikuwajua."

Nikamwambia akunje kidole. Kikakunjika nusu. Akasema nusu inatosha kusukuma kitambaa, akachukua mkoba wake, akatoka.