Mgongo wa Mama Bonge

Asubuhi hiyo Mama Bonge alimfunga mdoli kwa kibebeo cha mtoto kifuani mwa mwanamume mmoja mwenye miwani, akamwomba atembee mpaka kwenye rafu ya chupa za maziwa na kurudi. Mdoli alikuwa wa kitambaa, amejazwa mchanga mpaka akafikia uzito wa mtoto wa miezi mitatu, na shingo yake ilikuwa imelegezwa makusudi ili wazazi wajifunze kuishika. Mke wa mwanamume huyo, tumbo likiwa limeshuka tayari kwa kujifungua, alikaa kwenye stuli akitazama.

Mwanamume alisema kiuno hakimuumi, ila mabega yanakatwa. Mama Bonge alilegeza mikanda ya mabegani, akakaza wa kiunoni, akamweleza kwamba uzito wa mtoto unatakiwa ukae kwenye nyonga za mzazi, si shingoni. Akawaonyesha magoti ya mdoli: yawe juu kuliko makalio, miguu ikunjike kama ya chura. Kidevu kisigande kifuani. Utosi uwe karibu, mzazi aweze kuubusu bila kutafuta.

"Kibebeo kizuri," alisema, kama alivyosema kila siku, "ni kile ambacho nyote wawili mnasahau kwamba mmekivaa."

Walikinunua. Mdoli akarudishwa kwenye kiti chake dirishani.

Duka lile la vifaa vya watoto lilikuwa la mama mmoja ambaye wote walimwita Madam. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alitoa amri kwa upole kiasi kwamba mtu alitii kwanza, ndipo akagundua kuwa ameamrishwa. Amri mojawapo ilikuwa kwamba wafanyakazi hawaji na watoto wao. Madam alieleza kwamba mteja akiingia pale anakuja kumnunulia vitu mtoto asiyelia. Ukimwonyesha anayelia, umemharibia safari.

Mtoto wa Mama Bonge alikuwa wa kulia. Alianza mama yake alipovuka kizingiti asubuhi, akaacha aliporudi jioni, na katikati hapo hakuonja kitu. Jina la Bonge alipewa na bibi yake kwa mashavu aliyozaliwa nayo. Sasa mashavu yalikuwa yamekwenda zake na jina limebaki linacheza, kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Nesi wa kliniki alimweka kwenye mizani, akatikisa kichwa, akasema akishuka tena atalazwa. Mama Bonge akiacha kazi, nyumba ingelala njaa. Akiendelea nayo, mtoto angelazwa. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza huku akiwakunjia wadoli miguu.

Alijaribu kila alichokijua, na alijua vingi. Alileta nyumbani vibebeo vilivyorudishwa na wateja: kimoja cha pete mbili cha kuvaliwa begani, kingine chenye fremu kama ya mkoba wa mpanda milima, na kingine cha kitambaa kirefu kinachozungushwa mwilini mpaka mvaaji akafanana na kidole kilichofungwa bendeji. Mama mkwe, aliyekuwa akishinda na mtoto, alivivaa vyote kwa subira. Lakini alikuwa amekonda kwa umri, na mifupa yake ilimchoma mtoto kila alipomwegemeza.

"Mimi ni kochi lililokwisha sponji, mwanangu," alisema. "Usikilaumu kitambaa."

Akabaki baba. Baba Bonge alikuwa fundi wa makochi, mwenye kifua kipana kilichoanza kulainika. Jumapili moja mkewe alimchagulia kibebeo, akampimia mikanda, akamwekea mtoto. Mtoto akanyamaza. Alikula uji bakuli zima, akalala na mate yakimtoka kwenye shati la baba yake. Baba Bonge mwenyewe alikiri kwamba hausikii uzito. Ndipo mtu akabisha hodi, na Baba Bonge akakivua kile kitu mbio mbio, kama aliyefumaniwa na gauni la mkewe.

Mkewe alimwomba ampeleke mtoto karakana hivyo hivyo.

"Nikashone makochi na mtoto kifuani? Watu watanionaje?"

Mama Bonge akamwambia watamwona amebeba mtoto wake.

"Ndicho ninachokisema," alijibu Baba Bonge.

Jumatatu yake, Mama Bonge alipokuwa akifungua mbeleko ili amshushe mtoto aliyemlalia mgongoni, mgongo ulitoka naye. Haukuuma. Ulibanduka kutoka mabegani hadi kiunoni kama ganda la ndizi iliyoiva, ukatua mikononi mwa mama mkwe na mtoto akiwa juu yake, usingizi haujakatika.

"Uache hivyo hivyo," mama mkwe alinong'ona. "Ukimgusa ataamka."

Mama Bonge aliitazama saa ya ukutani, akavaa sweta, akaenda kazini.

Dukani hawakuona ubaya. Keshia alimtazama kutoka ubavuni, alikokuwa mwembamba kama ukurasa, akamuuliza kama amekonda. Alipoelezwa, alimshauri achomeke kadibodi ndani ya sweta kwa sababu mlango ule una upepo. Mlinzi alisema afadhali yake, maana wasengenyaji sasa watakosa pa kusimama. Madam aliomba jambo moja tu, kwamba asiwageuzie wateja kisogo. Kwa hiyo Mama Bonge akawa anaingia stoo kinyumenyume, huku akitabasamu.

Nyumbani mama mkwe aliuvaa ule mgongo juu ya wake, kama koti, akamfunga mtoto kwa mbeleko ile ile. Bonge akala. Nesi alipompima tena aliandika namba akanyamaza, na kwa nesi yule kunyamaza kulikuwa ndiko kusifu. Hakuna aliyehoji zaidi. Dawa ikishaponya, nani anauliza imechemshwa na majani gani?

Na mgongo, pamoja na umbali wote ule, uliendelea kuwa wa mwenyewe. Mama Bonge akiwa anapanga soksi kwenye rafu alisikia shavu la mtoto likitua katikati ya mabega yasiyokuwa na katikati. Alisikia mate yakiloa. Alimsikia mama mkwe akiinama kufagia uvungu wa kitanda. Pengine alikatiza maelezo mbele ya mteja, mkono ukiwa bado kwenye mkanda, kwa sababu mtoto alikuwa amecheka na kicheko kilikuwa kimempita uti wa mgongo. Mteja alisubiri. Jioni alikabidhiwa mgongo wake ukiwa na joto, akaulalia.

Baada ya muda alianza kusikia vitu vingine. Kwanza ulikuwa uzito wa mtoto asiyemjua, mkubwa, mwenye visigino vikali, aliyempiga mbavuni kama mpanda punda mwenye haraka. Kisha mtungi wa gesi, baridi, ukipandishwa ngazi. Siku nyingine kitu kikubwa kama gunia, kinachowasha, kikamkalia muda mrefu akiwa anamweleza mama mjamzito habari ya starehe.

Jioni hiyo aliuliza. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa nzuri. Mtoto alikuwa wa jirani, mwenye mapacha na mgongo mmoja. Mtungi wa gesi ulikuwa wa bibi wa ghorofa ya juu, na bibi ni bibi. Lile gunia lilikuwa la sponji. Baba Bonge alikuwa ameupitia mgongo saa mtoto analala kitandani, akaenda nao karakana.

"Mgongo mzuri vile, ukae bure?" aliuliza mama mkwe, bila ubaya.

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mama," alisema Mama Bonge.

Baba Bonge alifikiri kidogo. "Sponji ni nyepesi kuliko usufi," alisema, na kwa kuwa ilikuwa fani yake, hakuna aliyembishia.

Siku ya mapumziko yake Mama Bonge hakuuvaa mgongo. Aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua kibebeo bora kuliko vyote alivyopata kuvileta, akamfunga mtoto kifuani, uso kwa uso. Alikagua kazi yake kama ambavyo angemkagulia mteja. Magoti yalikuwa juu, mgongo wa mtoto umejipinda vizuri, utosi uko karibu. Hapakuwa na kasoro. Bonge alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani dirishani, akisubiri zamu yake ifike. Kisha akapinda shingo, akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akatamka neno lake la kwanza, safi kabisa.

"Mama."

Mama mkwe aliacha kukunja nguo. "Umesikia? Amekuita."

"Hakuniita mimi. Ameuita mgongo."

"Na mgongo ni wa nani?"

 Mama Bonge alimfungua mtoto, akauvaa mgongo, akainama mama mkwe amfungie mbeleko. Mtoto akatulia papo hapo. Siku ya mapumziko ilipita na mama hakuuona uso wa mwanawe tena mpaka alipokuwa amelala.

Kesho yake aliomba kusema na Madam. Alisema hataki tena kuuacha mgongo nyumbani, maana mtoto ameanza kumjua kwa vipande. Aliomba aruhusiwe kuja naye dukani. Angefanya kazi amembeba. Wateja wangejionea kibebeo chenye mtoto wa kweli badala ya mchanga. Madam alimsikiliza mpaka mwisho. Alimimina maji kwenye glasi, akamsogezea.

"Mdogo wangu, na mimi ni mzazi," alisema. "Ila ninachohitaji hapa ni mikono yako. Mengine yote hayo ni mambo ya nyumbani kwako, siwezi kuyaingilia."

Mama Bonge aliyatafakari maneno hayo njia nzima. Asubuhi iliyofuata mikono yake ilitoka viwikoni, kwa urahisi ule ule wa mgongo. Baba Bonge aliitia kwenye mfuko pamoja na chakula chake cha mchana, akaupachika mfuko kifuani ili vidole visibanwe, akaipitisha dukani akielekea karakana. Njiani alisalimiana na watu wengi. Hakuna aliyemcheka.

Mikono ilifanya kazi vizuri. Keshia aliwaeleza wateja, yenyewe ikafunga, ikalegeza, ikakaza. Madam alisema hajapata mfanyakazi mtulivu kama huyo: haombi ruhusa, hakai chini, hana mtoto anayeumwa. Aliagiza stuli iondolewe, rafu isogee.

Na Mama Bonge akawa nyumbani, mzima isipokuwa mikono, mtoto mgongoni kutwa. Mama mkwe ndiye aliyemfunga mbeleko, akawalisha wote wawili kwa kijiko kimoja, mmoja mbele na mwingine juu ya bega. Majirani walikuja kuulizia mgongo, wakaukuta una mwenyewe, wakaondoka wakisema watu siku hizi wamekuwa wachoyo. Bonge alinenepa, akalistahili jina lake. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na huyu alikitazama mpaka akakihitimu. Alijua kovu dogo lililokuwa nyuma ya sikio, nywele fupi zilizokataa kusukwa, mahali jasho lilipoanzia saa ya joto. Alizungumza nacho, akakichekea, akakilalia. Mama yake alimsikia kila neno. Wakati huo huo, katika viganja vilivyokuwa mbali, alisikia nyayo za watoto wa watu, nyingine za baridi, nyingine zenye soksi mbichi, zote ndogo, zikikunjwa kwenye vibebeo vyao.

Jioni mikono ililetwa ikiwa imechoka na kunuka plastiki mpya. Mama Bonge aliivaa na bila hata kuinawisha akafungua fundo la mbeleko, akamzungusha mtoto mbele, akampakata. Walitazamana.

Bonge alimkagua bila haraka, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Kisha akaweka viganja vyote viwili kwenye shavu lake, akasukuma. Hakusukuma kwa ukali. Alisukuma taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba ambamo mgonjwa amelala, mpaka uso wa mama ukageukia ukutani na kisogo kikawa upande wake. Hapo akashusha pumzi, akalaza kichwa, akafumba macho.

Baba Bonge, aliyekuwa mezani, alisema Madam ameagiza mikono ifike mapema kesho kwa kuwa kuna mzigo mpya. Mama Bonge alijibu kwamba amesikia. Alijibu akiutazama ukuta, na hakugeuka, kwa sababu mtoto alikuwa amestarehe.