Pumzi ya Wenzake

Lameck hakuweza kusoma penye watu. Sisi wengine tulisoma kama tulivyochunga ng'ombe, pamoja na kwa kelele: mmoja anauliza, wengine wanajibu, na ukikosea unapigwa kofi la kisogo ambalo utalikumbuka mpaka kesho. Ndivyo tulivyojifunza Injili na hesabu katika chuo cha walimu cha misheni, chini ya milima ya Matema, miaka michache kabla Wajerumani na Waingereza hawajaanza kupigana juu ya ziwa letu. Lameck aliketi, akatikisa mguu, akasimama, akaketi tena. Mwishowe akaanza kutoweka.

Alichukua ndizi zake kwenye jani, kipande cha samaki juu yake, kibao cha kuandikia kwapani, akaenda kwenye mawe ya ufukweni. Huko alisoma huku anatembea huku na huku, na mikono inacheza. Kusoma peke yako si kosa, na Bwana Mwalimu, Mzungu wetu, alimsifu. Lakini kula peke yako! Sisi Wanyakyusa tangu utoto tunajenga kijiji chetu vijana wa rika moja na kula chungu kimoja. Anayekimbia chungu cha wenzake tunamtazama kwa jicho la pembeni. Mzungu hakuliona hilo, aliona kijana mwenye bidii tu.

Sababu ya bidii tuliijua. Mwaya kulikuwa na shule mpya, na atakayeshinda mtihani wa mwisho ndiye atakayepewa aifundishe. Waliobaki wangepandishwa milimani, Ukinga, kwenye baridi na lugha ya watu wengine. Mama yake Lameck, Rut, alikuwa mjane huko Mwaya. Miguu ilikuwa imeanza kumkataa, mpunga ulimngoja shambani, na mtoto alikuwa naye huyo mmoja tu. Lameck asipopata Mwaya, mama angebaki peke yake.

Tulimhurumia, na bado tulinung'unika. Mimi nilinung'unika kuliko wote, na hata leo nasema nilikuwa na haki. Kidole kimoja hakivunji chawa, sasa huyu alitaka avunje peke yake na damu asituonyeshe!

Wiki ya mtihani ilipofika, Lameck akashikwa na baridi. Jua linachoma mpaka mchanga haukanyagiki, naye amejiviringisha blanketi, meno yanagongana. Bwana Mwalimu akampa kwinini. Akaitapika, akapewa tena, baridi ikabaki palepale. Hata hivyo hakutulia. Alijaribu kuinuka asome, akaanguka, akajaribu tena, na sisi mlangoni tukawa tunatazama miguu yetu. Kwetu, watu wakimnung'unikia mwenzao kwa haki, pumzi yao humwingia mwilini kama upepo wa baridi. Dawa yake ni moja: kila mwenye neno alitoe moyoni, alitamke mbele yake.

Siku moja kabla ya mtihani, Eliud, aliyekuwa mkubwa wetu, akatukusanya mchana katika kibanda cha Lameck pale chuoni. Akaweka kibuyu cha maji katikati.

"Kila mtu aseme lake," alisema. "Tukimaliza, tunakula."

Nikaanza mimi. "Gwe Lameck, nimekuita fisi nyuma ya mgongo wako. Chakula chetu kimekuwa kichungu kwako, nami nimekasirika. Sasa basi." Nikatia maji kinywani, nikayapuliza chini. Wengine wakafuata. Ikafika zamu ya Ambilikile, aliyechunga naye ng'ombe tangu utotoni.

"Mimi sina neno," Ambilikile akasema.

Mwongo! Shingo yake ilikuwa imesimama mishipa. Lameck akajigeuza upande huu, akajigeuza upande ule.

"Sema!" akapiga kelele. "Kesho ni mtihani. Unataka nife hapa?"

"Haya. Nilikuomba unionyeshe hesabu ya kugawanya. Ukaniambia hata wewe inakushinda. Kesho yake nikakukuta kwenye mawe unaifanya huku unaimba. Mimi, Lameck! Mimi niliyekubeba mgongoni ulipoumwa na nyoka!"

Lameck akafunika uso. "Niliogopa utanishinda."

Hakuna aliyecheka. Ambilikile akachukua maji, akayapuliza chini, akakohoa. Tukaleta chungu, tukala. Lameck alikula, na alipomaliza tu akamwambia Ambilikile, "Lete kibao chako."

Alifundisha vibaya, nilikuwepo. Alikimbia kama anafukuzwa na nyuki: gawanya, toa, shusha, gawanya.

"Ngoja," Ambilikile akamshika mkono. "Hapo unashusha kwa nini?"

Lameck akairudia: gawanya, toa, shusha. Alijua kwamba namba inashushwa, sababu hakuijua. Siku zote zile kwenye mawe alikuwa amekariri njia tu. Ikabidi wamwage kunde mkekani, wazitenge mafungu ya kumi kumi, wagawe, wayavunje yaliyobaki na kugawa tena. Waligombana, wakaanza upya, wakagombana. Jua lilipopungua, jasho likamtoka Lameck na blanketi likawekwa kando. Mzungu aliisifu kwinini yake, tukamwachia.

Katika mtihani, kila mmoja alisimama mbele ya watoto wa kijiji na kuwafundisha hesabu ileile ya kugawanya. Lameck alianza. Alikwenda mbio, chaki ikavunjika, akaokota kipande, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, na jibu likawa ubaoni kabla mtoto hajafungua kinywa. Halikuwa na kosa. Watoto walibaki wanamtazama yeye, si ubao.

Ambilikile aliomba kunde. Akaketi chini nao. Walipokwama akangoja, akawaambia, "Hapo hata mimi palinishinda jana." Wakacheka, wakagawa, wakaanza kumpigia kelele za majibu.

Jioni majina yakasomwa. Mwaya, Ambilikile. Lameck, Ukinga.

Lameck akatoka. Akaenda mpaka majini, akarudi, akaenda tena. Ambilikile akamfuata, nasi tukasimama kando. Ambilikile hakuwa na furaha usoni.

"Liseme," akamwambia. "Usilale nalo."

"Bora ningekunyima!" Lameck akafoka. "Nilikuwa sawa nilipokunyima. Maneno uliyowafundisha wale watoto ni yangu. Mwaya ni yangu."

"Ndiyo."

"Nakuchukia, Ambilikile."

"Ndiyo. Endelea."

Lakini mengine hayakuja, yalikuja machozi. Alilia amesimama wima, mikono imelegea. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa na kiungo kinachocheza.

"Mama yangu," akasema mwishowe. "Usimwache na ule mpunga."

"Nitamlimia. Lakini ataniuliza kwa nini wamemletea mimi, si mwanawe. Nimjibu nini?"

Lameck akajifuta uso kwa kiganja.

"Mwambie nilikufundisha vizuri."