Fundi wa Bendera Nyekundu

Kwa miaka kumi na tisa fundi alishona bendera nyekundu za mlima ule bila kuukanyaga hata siku moja. Wanajeshi walifanyia kule mazoezi ya shabaha. Bendera ikipanda, njia imefungwa, na ilikuwa juu karibu mwaka mzima. Raia waliruhusiwa siku chache tu, na kila zikifika yeye alikuwa amezama kwenye sare za shule.

Mwaka huu wifi yake, mpishi mstaafu wa hospitali, alimfuata hadi chumba cha kushonea, akachomoa waya wa cherehani ukutani.

"Kesho tunapanda, wifi."

"Na hizi sketi?"

"Zitakungoja. Hazina miguu."

Asubuhi, getini, mlinzi aliwaandika kwenye daftari. Akawaonya wafuate mawe yaliyopakwa chokaa, na wasiguse chuma chochote, hata king'ae vipi. Bendera ilikuwa imekunjwa mezani kwake. Mkono wa fundi ukaenda wenyewe kwenye pindo.

"Limeachia," alisema.

"Linaachia kila mara, mama. Fundi wake tunamsema sana hapa."

"Fundi ndiye mimi."

Wifi alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Fundi wala hakukasirika; aliuliza inaanzia kuchanika wapi, na mlinzi, kwa aibu, akamwonyesha pembe ya karibu na kamba.

"Hapo panataka kipande cha turubai. Huo upepo wenu nilikuwa nausikia tu kwa watu."

Wakashika njia. Nyasi zilikuwa zimelowa, zinafika magotini, na ukungu umekaa mabondeni. Wifi alipiga soga hadi kwenye mwinuko mkali, kisha kimya.

"Tangu niolewe na kaka yako," fundi alisema akihema, "leo ndiyo mara ya kwanza nakusikia umenyamaza."

"Niache. Natafuta pumzi."

Kileleni upepo uliwapokea kwa kishindo, nusura uondoke na mtandio wa fundi. Wakajibanza nyuma ya jiwe, wakamenya mayai na kumimina chai. Ukungu ulipotawanyika, mji ukatokea chini, mdogo kama makombo mezani. Walibishana kwa muda mrefu paa lao ni lipi. Kila mmoja alichagua lake na hakuna aliyekubali kushindwa. Fundi alinyoosha miguu, akahisi mgongo wake, ulioinama miaka yote hiyo, umekaa sawa kabisa. Wifi alikuwa ameshasinzia, yai mkononi.

Firimbi ya kuwaita watu ilipolia saa kumi, walishuka polepole, wakishikana mikono penye utelezi. Walikuwa wa mwisho kufika getini. Mlinzi alipokuwa akiandika saa yao ya kutoka, fundi aliinamia daftari na kumuuliza siku nyingine ya kufunguliwa ni lini.