Kivuli Kwenye Picha ya Kidaraja

…unafunga laini au unahamisha jina, ananiuliza mhudumu wa duka la simu, na mimi cheti cha kifo cha mama nimeshakiweka juu ya kaunta, nimeshafungua mdomo kusema nafunga, ndiyo maagizo niliyotoka nayo nyumbani, kaka mkubwa amesema simu ya marehemu inalia kabatini kama vile mwenyewe yupo, watoto wanashtuka, kaifunge yaishe, neno moja tu, nafunga, lakini simu inatetemeka mkononi mwangu na kioo chake chenye ufa kinawaka, baraza la mji, nani mwingine, ndugu na majirani wote wana habari za msiba, baraza la mji halina, Mpendwa mwananchi, kero yako imeshughulikiwa, kidaraja cha mtaro mbele ya zahanati kimekarabatiwa, tazama picha, je, umeridhika, Ndiyo, Hapana, usipojibu hadi saa za kazi ziishe leo tutahesabu kuwa umeridhika… samahani dada, nipe dakika, namwambia mhudumu, na mzee aliye nyuma yangu kwenye foleni anaguna, dakika zako unatukopa sisi, anasema, na watu wanacheka… kimekarabatiwa lini, asubuhi hii nimekiruka mwenyewe, mbao za katikati hazipo, maji meusi yanapita chini, nimemshika mkono mama mjamzito aliyekuwa anakwenda kliniki, tumevuka kwa kuhesabiana kama watoto, amecheka, amesema mwanangu akizaliwa humu mtaroni nitamwita Baraza, mama angempenda huyo, mama aliyekuwa anasimama palepale na simu hii, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anapiga picha, anatuma, na jibu linarudi kabla hajashusha mkono, Asante kwa kushirikiana na serikali yako, basi anakuja kunionyesha, umeona, wamenijibu, tena kwa jina langu, nikamwambia mama, hiyo ni mashine, pale hakuna mtu, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikibakiza chakula, akasema hata mashine kuna mtu aliyeiwasha, huyo ndiye ninayemwandikia… nilicheka, lakini yeye alikuwa amezunguka kwenye korido za ofisi zile tangu sijazaliwa, njoo kesho, bosi yuko kikaoni, nani amekutuma, hadi viatu vikalika upande, kwa hiyo kitu kinachopokea maneno yake bila kumuuliza nani amekutuma alikiona kina adabu, na kuna mara watu wa baraza walikuja kweli, taa ya mlango wa zahanati aliilalamikia, ikawaka wiki ileile, akanipitisha pale jioni makusudi, akainyooshea kidole… kaka, laini, anasema mhudumu, sasa hivi, namjibu, nafungua picha, kidaraja kizima, mbao mpya bado zina rangi ya manjano, mtaro mkavu, jua la asubuhi, na juu ya mbao kimelala kivuli cha mtu mfupi, bega moja limezidi jingine, mikono imeinuliwa usoni, ncha ya mtandio inaning'inia… siyo, inawezekanaje, tulimzika kabla mvua hazijaanza na sasa mvua zimekatika, mama hawezi kuwa amesimama pale, lakini bega lile ninalijua, nililishika hospitalini, na siku ile pale kidarajani alikuwa anapiga picha jua likiwa mgongoni kwake, nikamwambia mama, unajipiga kivuli, akasema kiache, wajue palikuwa na mtu, ni picha ya siku kidaraja kilipojengwa, aliituma kushukuru, yeye hakuwa mtu wa kulalamika tu, na sasa kuna mtu ofisini aliyetafuta picha ya kidaraja kizima, akaipata ya kwake, akamrudishia mwenyewe kama ushahidi kwamba wamemtengenezea, kivuli chake kinamwambia aridhike… na redioni juzi diwani alisema wananchi tisa kati ya kumi wameridhika, mambo yote kiganjani, hii ndiyo serikali inayowajibika, nikazima, nikadhani anadanganya, kumbe hakudanganya, amewahesabu, waliochoka kujibu, walioibiwa simu, waliobadilisha laini, na waliolala makaburini, wote kimya, wote wameridhika, nikisema nafunga mama naye anaingia kwenye hesabu hiyo, atatajwa redioni na mbao bado hazipo, na yule mjamzito atarudi kliniki akiwa mzito zaidi, siku nyingine sitakuwepo kumshika mkono… na nikibonyeza Hapana itakuwaje, mashine itasema asante, basi, lakini mashine haioni aibu, haiendi kuchimbua picha ya zamani, hii imechaguliwa, kuna macho yamepita juu ya kivuli hiki, yamekiona, yakasema inatosha, kuna kiti na kuna mtu juu yake, mama, ulikuwa unamwandikia mtu, mimi ndiye niliyekuwa nasema hakuna… kijana, umekufa umesimama, anasema mzee nyuma yangu, na mhudumu amenyoosha kiganja akisubiri simu, cheti kiko palepale juu ya kaunta, feni inakipeperusha pembe, unafunga au unahamisha, ananiuliza tena, sauti ileile, na kidole gumba changu kiko juu ya ufa unaopita kwenye Hapana, palepale kilipokuwa kikikaa cha kwake, subiri kidogo, dada, namwambia, mwenye simu hajamaliza kuongea.