Trei ya Nyuma ya Mlango

Mbegu ya ua la impashensi ni laini kama ugoro. Ukipiga chafya umepoteza bustani nzima. Unainyunyiza juu ya mboji bila kuifukia, maana inataka mwanga ili iote, kisha unailea kwa joto na ukungu wa maji kama mtoto njiti. Ikishashika mizizi, mambo yanageuka: unainyima. Maji unayaleta pale tu majani yanapoanza kulegea, na mbolea iwe ya kuonja. Impashensi likishiba hunenepa majani, maua likayasahau kabisa. Wimbo huo nimewaimbia wafanyakazi wote waliopita kwenye banda hili kwa miaka ishirini na sita, na wapo niliowafukuza kwa kutousikia.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi.

Mke wangu ndiye mchambuzi wa rangi bandani kwetu. Maua ya kwanza yakifunguka, hupita kati ya meza akitoa wavamizi: jekundu moja lililojipenyeza kwenye trei ya meupe, au zambarau katikati ya waridi. Ni kazi ya siku kumi, na hakuna mwenye jicho lake. Mwaka huu binti yetu alijifungua huko aliko, safari ya kutwa nzima kwa basi, na mke wangu akaenda kumtunza. Mguu mmoja ukiwa tayari kwenye ngazi ya basi, aliniuliza, "Maua yakianza kufunguka, nirudi?"

"Urudi," nikamjibu. "Nani atachambua?"

Hilo ndilo nililoona la maana kumwambia.

Nilimkumbuka vibaya sana. Ilifika mahali nikawa naingia sebuleni na viatu vya matope makusudi, na hakuna aliyenigombeza. Nilivivua mwenyewe, nikapiga deki mwenyewe, nikalala nimenuna.

Basi nikapanda wiki mbili kabla ya wakati wake. Miche ilipofika wiki ya sita, mizuri, haina doa, nikaanza kuiongezea mbolea. Kidogo leo, kidogo kesho. Msiniulize kama nilijua. Nilijua, na bado kila asubuhi nilijiona nimeshika ndoo, najisemea kwamba mwaka huu huenda maua yakaniunga mkono.

Mchanganya mbolea wetu tunamwita Kijiko, kwa sababu hapimi kitu bila kijiko chake cha bati. Aliona pipa linashuka.

"Mzee, hii mbolea inanywewa na nani?"

"Fanya kazi yako."

"Mganga hajigangi," akasema, akaenda zake akicheka.

Wiki ya kumi, wakati meza zote zilipaswa kuwa na rangi, zilikuwa kijani. Wiki ya kumi na mbili zikawa kijani zaidi. Majani mapana, yanang'aa, ungedhani tunauza mboga. Kila Jumapili mke wangu alipiga simu na kuuliza, "Yamefunguka?" Nikajibu bado. "Heee, mwaka huu yana nini?" Nikasingizia baridi, nami nimesimama ndani ya banda jasho linanitiririka mgongoni.

Jumanne moja saa sita mchana Kijiko akaniita kwa kelele. Nyuma ya mlango, chini kabisa, palikuwa na trei tuliyoisahau. Haikuonja mbolea hata tone, na maji iliyapata pale mpira ulipovuja. Ilikuwa imechanua yote, rangi ya waridi tupu, hata majani huyaoni.

Nilichutama mbele yake nikaona aibu.

"Piga picha, mtumie shemeji," Kijiko akasema. "Sogea karibu, hizo mboga zako zisionekane."

Nikapiga, nikatuma. Moyo ulinidunda kama kijana aliyepeleka posa.

Simu ikalia kabla sijairudisha mfukoni.

"Hii trei ina kiu," mke wangu alisema, hata salamu hakuna. "Mboji imeachana na kingo. Hii mliisahau. Zingine ziko wapi?"

Nikatoka nje, Kijiko asinisikie, nikapiga moyo konde. "Zingine ni majani matupu. Nilizilisha."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka zifunguke upesi."

"Ili nije nichambue?"

"Achana na kuchambua. Nimekukumbuka. Nyumba haikaliki. Njoo, mama watoto."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Jana nimemwambia mwanetu arudi kazini," akasema taratibu. "Nitakaa na mtoto mpaka atembee. Kazini kwake ameshawaambia."

"Jana?"

"Jana. Jumapili zote hizo nakuuliza maua, baba watoto. Unadhani nilikuwa nauliza maua?"

Miaka yote naweza kuliangalia jani kwa mbali nikajua limebakiza saa ngapi kabla ya kulegea, na mwanamke niliyelala naye chumba kimoja miaka thelathini ameniuliza wiki baada ya wiki, nikamjibu habari za baridi. Nilitaka kumwambia avunje ahadi. Nyuma yake mtoto alianza kulia, nikashindwa.

"Ana miezi mitatu sasa," nikasema.

"Mitatu na wiki moja."

"Wanatembea wakifika wiki ya ngapi?"

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Hawa hawana wiki, mume wangu. Kila mmoja na siku yake."

Mtoto akazidisha kilio. Akasema ngoja ambebe.

"Usikate," nikamwambia.

Hakukata. Nilimsikia akitembea huku na huku, akimbembeleza kwa sauti ya chini, nami nimesimama juani, simu nimeigandamiza sikioni.